Shem Amekatazwa Kazi, Halafu Kodi Inajifanya Hayuko

Wasee, ni Juni 2025 na siku ya mwisho ya kufaili ritani ni tarehe 30. Kila saiba tao imejaa. Jumamosi nilimsaidia dada yangu kujaza zake na nikarudi na hasira, kwa hivyo leo mtanivumilia.

Dada yangu anakaa Kangemi, anafanya kazi tao, mshahara 60,000. Bwana yake ni Mcameroon. Shem ana digrii, ana nguvu, na ana pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo inamruhusu kuishi na bibi yake. Kufanya kazi, zii. Hiyo inataka kibali kingine. Basi anapeleka mtoto shule, anapika, anangoja.

Sasa tupige hesabu ya mwezi, tukiacha NSSF na makato mengine kando. Majirani wao ni Wakenya wawili, kila mmoja analipwa 30,000. Ukiondoa ile nafuu ya 2,400, PAYE ya kila mmoja ni 1,500. Nyumba nzima inalipa 3,000. Dada yangu? 10,383. Na pesa inayoingia nyumba zote mbili ni ile ile 60,000!

Mbona? Kwa sababu nafuu, pamoja na viwango vya chini vya 10% na 25%, huhesabiwa kwa kila mwenye mshahara. Majirani wanavipata mara mbili. Dada anavipata mara moja, sawa na mtu anayeishi peke yake kwa bedsita Kawangware.

Utaniambia hata Mkenya ambaye bibi yake hana kazi analipa hivyo. Kweli. Lakini huyo bibi akipata kazi leo, kesho anaanza. Shem akianza bila kibali, ni kosa. Serikali inamfunga mikono, halafu inamtoza dada yangu kana kwamba hana mtu wa kulisha.

Na usidhani sheria haijui ndoa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1973, kifungu cha 45, ilihesabu mapato ya mke kuwa ya mume. Zamani kulikuwa na nafuu ya familia pia, ikafutwa. Hata sasa ukimlipia mwenzi wako bima, unapata nafuu ya 15%. Kwa bima anaonekana. Kwa sahani ya ugali anapotea.

Marekani wanandoa wanaweza kufaili pamoja hata mmoja akiwa mgeni. Si ati huko ni mbinguni: 2020, raia wengi waliofaili na wenzi wasio na namba ya hifadhi ya jamii walinyimwa pesa za korona. Wakaenda kortini, wakapiga kelele, na Desemba hiyo Bunge lao likarekebisha.

Kelele tunazijua. Mwaka jana tulisoma Mswada wa Fedha mpaka ushuru wa mkate, na ukaondolewa.

Kuna mtu atasema watu wataoa wageni ndio wakwepe kodi. Buda, wewe ungeoa mtu kwa 7,383 kwa mwezi?

Bunge likiitisha maoni ya umma tena, andika laini mbili tu. Wanandoa wafaili pamoja wakitaka, bila kujali nani ndiye mwenye mshahara. Ama mwenzi wa raia aruhusiwe kufanya kazi siku ile anapewa pasi. Serikali ichague.

Nilimuuliza shem angependa gani. Hakufikiria hata sekunde: "Kazi."