Ushuru wa Malaba unatengeneza barabara ya nani?

KUFIKIA saa tatu asubuhi hapa Malaba, mama anayevusha ndizi kutoka upande wa Tororo huwa ameshafunga risiti kadhaa kwenye ncha ya leso yake: ya soko, ya mazao, na pengine ya steji. Mvua ikinyesha, mkokoteni uliobeba ndizi zake hukwama topeni, hatua chache kutoka kwa karani aliyempa risiti hizo. Nimemsikia akiuliza, “Hizi pesa zetu huenda wapi?”

Ni swali la haki. Tatizo ni kwamba wengi wetu humlaumu asiyehusika na kumwacha anayehusika.

Ndugu zetu waliorejea kutoka Marekani hutuambia kwamba huko mambo ni wazi. Wana sababu. Mwaka wa 2016 wapiga kura wa kaunti ya Los Angeles waliidhinisha ushuru wa nusu senti kwa kila dola ya mauzo, ugharamie reli, mabasi na barabara. Anayenunua shati huko anajua kwamba sehemu ya pesa zake inalipia basi.

Kwetu hakuna ushuru wa aina hiyo. Kenya iliacha ushuru wa mauzo mwaka wa 1990 ikaanzisha VAT, ambayo sasa ni asilimia 16. Uganda ilianza VAT mwaka wa 1996, na yake ni asilimia 18. Pesa hizo huenda kwa hazina za Nairobi na Kampala. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 209, inaruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majumba, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa.

Pesa za kukarabati barabara hutoka kwenye tangi la mafuta. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya hutozwa Sh25 za barabara. Kabla ya Julai 2024 ilikuwa Sh18. Kwa hivyo hata kijana wa bodaboda ni mlipaji wa ushuru wa barabara. Lakini mwaka wa 2025 serikali iliweka rehani Sh7 kati ya hizo Sh25 ili kulipa madeni ya wanakandarasi ya takriban Sh175 bilioni. Yaani pesa za kuziba mashimo ya kesho zinalipia lami ya jana. Isitoshe, wabunge na magavana wamevutana kuhusu Sh10.5 bilioni za tozo hiyo, kila upande ukidai ndio unaofaa kuzisimamia. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia.

Majirani zetu wa Uganda nao walitunga sheria mwaka wa 2008 na kuunda Mfuko wa Barabara, uliokusudiwa kupokea tozo za mafuta moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Uliendelea kutegemea mgao wa bajeti hadi mwaka wa 2024, Bunge lilipoamua uvunjwe na kazi yake irudi wizarani.

Kwa upande wa Kenya, basi, barabara kuu ya malori ni ya serikali ya kitaifa, chini ya KeNHA. Kumfokea karani wa steji kwa sababu ya shimo lililo huko ni kumwonea. Lakini soko, steji na vichochoro vya mtaani ni vya kaunti ya Busia, na hapo karani na wakubwa wake hawana pa kujificha.

Watasema kwamba kifungu cha 207 kinataka mapato yote ya kaunti yaingie katika mfuko mmoja, na kwamba dawa za hospitali zinahitajika kuliko changarawe. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ada ikiitwa ya huduma, anayelipa ana haki ya kuiona huduma. Katiba haizuii kaunti kubandika ubao sokoni: mwaka huu tumekusanya hapa kiasi hiki, na tumerudisha hapa kiasi hiki. Anayeona pesa zake zikirudi hulipa bila kusukumwa. Asiyeona hutafuta njia ya panya ng’ambo ya mto, na kaunti hukosa hata kile kidogo.

Yule mama wa ndizi ana shida zaidi. Analipa Busia lakini hapigi kura Busia, kwani ni raia wa Uganda. Sauti yake itasikika tu kupitia chama cha wafanyabiashara, na kupitia sisi tunaopanga bidhaa kando yake.

Ada hizo hupangwa katika mswada wa fedha wa kaunti, na kabla haujapitishwa sharti wananchi wasikizwe. Mikutano hiyo mara nyingi huwa na viti vitupu. Nanyi mliorejea, mliouona ushuru ukileta basi ugenini, hadithi hizo zina faida kubwa zaidi katika mkutano huo kuliko hotelini mkinywa chai. Siku tutakapoitwa, twende na risiti zetu mkononi, tuulize: hii ya steji ilirudi wapi?