Mteja wa Intaneti Naye Awe na Mizani

Ni jambo la kusikitisha kwamba kila mteja wa intaneti wa Malindi au Kilifi anapolalamika kuwa mtandao umelala, jibu apewalo ni lile lile: zima mtambo wako, kisha uuwashe tena. Mwenye nyumba ya wageni kule Watamu hupoteza mgeni aliyekuwa tayari kulipa, mwanafunzi hupitwa na siku ya mwisho ya kuomba mkopo, na mwisho wa mwezi ada haipungui hata senti. Lalamiko lisilo na ushahidi ni dua la kuku, nalo halimpati mwewe.

Ushahidi upo, wala hauuzwi. Programu iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, imo tayari katika kompyuta nyingi. Hutuma ujumbe mdogo na kupima muda ambao jibu huchukua kurejea. Ruta ya nyumbani ikijibu upesi, yaelekea kosa haliko chumbani mwako. Traceroute nayo huonyesha vituo unavyopitia ujumbe huo hadi pale unapokwama. Ama dig, itolewayo bure, huuliza kama jina la tovuti lapata nambari ya kuifikia.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, kwa kuwa seva zao, zikiwemo zile za majina, hazikufikika. Aliyeuliza kwa dig aliweza kung'amua kwamba simu yake haikuwa na hatia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom, ambazo hutua Mombasa, zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Kosa lilikuwa mbali. Lakini ujumbe ukifia kila jioni hatua moja tu nje ya nyumba, ilhali wateja wa kampuni nyingine wanapita bila taabu, muuzaji asiisingizie bahari.

Naam, kipimo kimoja hakitoshi, maana baadhi ya mitambo hunyamaza kwa makusudi. Yafaa mteja apime mara nyingi, aandike tarehe na saa, kisha ayapeleke matokeo kwa kampuni yake. Asiposikizwa, aifikishie Mamlaka ya Mawasiliano.

Naviomba Chuo Kikuu cha Pwani na vyuo vya ufundi vya kaunti hii viwafunze vijana wetu elimu hii, ili nao wawasaidie wazee na wafanyabiashara mitaani. Hakuna anayenunua samaki sokoni bila kuitazama mizani. Mbona basi tuendelee kununua mtandao gizani?