Kalamu ya Washington na Shaba ya Kolwezi

Tarehe 21 Disemba 2017 serikali ya Marekani ilitangaza watu wa kwanza iliowawekea vikwazo vya fedha kwa sheria iitwayo Global Magnitsky, na miongoni mwa majina yale lilikuwamo la Dan Gertler, tajiri wa Israeli na sahibu wa miaka mingi wa Rais Joseph Kabila, ambaye, kwa kauli ya Hazina ya Marekani, alifanywa dalali ambaye baadhi ya kampuni za kigeni zililazimika kumpitia ili kufanya biashara ya madini na dola ya Kongo. Hazina hiyo ilisema ya kwamba baina ya mwaka 2010 na 2012 peke yake Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36, kwa sababu machimbo yaliuzwa kwa bei ya kutupa kwa kampuni za ng'ambo zenye kuhusiana naye. Mwenyewe amekana siku zote, wala hajatiwa hatiani na mahakama yoyote katika shauri hilo. Na msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwani makala nyingi za toleo hili zinalizunguka.

Mtu huandikwa katika orodha ya vikwazo hivyo kwa amri ya ofisi, pasi na kadhi kuketi wala mawakili kujibizana, na papo hapo mali yake iliyo chini ya mamlaka ya Marekani hufungwa, na kampuni anazomiliki kwa nusu au zaidi hufungwa pamoja naye. Na kwa kuwa sarafu ya dola aghalabu haitoki benki hii kwenda ile ila kwa kupitia New York, hata mwenye benki wa Kinshasa au Dubai, asiyekuwa raia wa Marekani wala mtumishi wake, huogopa kumfungulia mlango. Wako wanaoliita jambo hili ubeberu uliovaa joho la uadilifu, nami siwezi kusema wamekosa kabisa. Walakini yafaa kuwauliza, Mkongo aende wapi kushitaki? Wafanyakazi wawili wa zamani wa benki moja ya Kinshasa, ambao nyaraka zao ziliwezesha ripoti ya mwaka 2020 juu ya fedha zilizodaiwa kupitishwa kwa siri ili kukwepa vikwazo hivyo, walihukumiwa kifo na mahakama ya mji huo hali wao wenyewe hawapo. Penye malipo kama hayo kwa shahidi, silaha ya mgeni, japo ina makali pande mbili, si ya kubezwa.

Lawama yangu iko kwingine. Mali iliyofungwa hubaki ni mali ya aliyefungiwa: haihamii katika hazina ya walioporwa, haijengi zahanati Kolwezi, mji wa shaba huko Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Fauka ya hayo, kufuli lenyewe lina upenyo, kwani Juni 2018 kampuni ya madini ya Glencore ilitangaza kwamba itamlipa Gertler mrabaha wa migodi ya kampuni hiyo kwa fedha isiyokuwa dola, ikaona kwamba kwa njia hiyo imetimiza wajibu wake. Januari 2021, serikali ya Trump ikiwa inafungasha virago, Gertler alipewa kimyakimya kibali cha kulegeza vikwazo. Machi ya mwaka uleule serikali ya Biden ikakifuta. Kalamu moja ilifunga, ikafungua, ikafunga tena, na mara zote tatu hakuna mwana Katanga aliyetakwa shauri.

Hata dola ya Kongo ilipoingia katika shauri hili, haikuingia kama mdai. Kwa mapatano ya Februari 2022, Gertler alikubali kurudisha vibali kadhaa vya madini na mafuta, serikali ya Kinshasa ikawa miongoni mwa waliotaka aondolewe vikwazo, na mrabaha wa miradi ya migodi ya Kamoto, Mutanda na Metalkol, ambao asili yake ni wa Gécamines, kampuni ya umma, ukaachwa mikononi mwake. Vyama vya raia vilivyoungana kwa jina la Le Congo n'est pas à vendre, yaani Kongo haiuzwi, vilidai mkataba uwekwe wazi na mrabaha urejeshwe. Linganisha na Disemba 2022, Glencore ilipokubali kuilipa Kongo dola milioni 180, baada ya kukiri makosa ya rushwa mbele ya mahakama za Marekani na Uingereza: fedha ile ilitokana na upelelezi, mashitaka na kukiri, mambo ambayo orodha ya vikwazo haiyahitaji wala haiyazai.

Kwa hiyo nashikilia kwamba jina lisifutwe katika orodha ile mpaka mrabaha ule urudi Gécamines, na masharti ya kulifuta yasomwe hadharani Lubumbashi na Kolwezi kabla ya kutiwa saini Washington. Waandishi wa toleo hili hawaniafiki wote. Mmoja wao ataka vikwazo vifutwe mara moja, kwa hoja kwamba adhabu isiyo na hukumu ni dhuluma hata ikimwangukia mwenye kushukiwa na kila mtu. Nami nimempa nafasi ya kwanza, kwa kuwa hoja yake ndiyo iliyonisumbua zaidi.