Nani Anaosha Vyombo vya Mpiga Gitaa?

Somo langu la kwanza la gitaa la flamenko halikuanzia kwenye gitaa. Lilianzia kwenye sinki. Mwalimu, mzee wa hapa Granada mwenye kucha ngumu kama gamba la kobe, aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza, "Unaosha vyombo?" Nikamjibu naosha. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa picha mbaya ya eksirei. "Acha. Mpiga gitaa haoshi vyombo."

Zilikuwa zimebaki saa mbili niingie kazini, na kazi yenyewe ni kuosha vyombo. Mchana nasoma shahada ya uzamili; usiku, mara nne kwa wiki, nasimama nyuma ya jiko la mgahawa mmoja hadi saa saba, mikono ndani ya povu. Kazi hiyo ndiyo inayolipa chumba changu, na ndiyo inayomlipa mwalimu. Yaani niliamriwa kuacha kuosha vyombo na mtu anayelipwa kwa pesa ya kuosha vyombo.

Siku ile sikusema kitu. Mwanafunzi hamjibu mzee. Leo namjibu, na ninawajibu wote wanaourudia ushauri huo huku wakicheka, kana kwamba ni utani wetu wapiga gitaa na haumgusi mtu mwingine.

Kwanza nimpe haki yake. Kuhusu kucha hakukosea. Gitaa hili lilikua likiwasindikiza waimbaji, wachezaji wanaopiga visigino sakafuni na watu wanaopiga makofi, kwa hiyo sauti yake lazima iwe kali na ya kukata. Ukali huo hutoka kwenye kucha za mkono wa kulia. Katika rasgueado vidole hufunguka kimoja baada ya kingine na migongo ya kucha hupita juu ya nyuzi kama mvua ya ghafla juu ya bati. Katika alzapua ukucha wa kidole gumba hushuka na kupanda juu ya uzi. Kisha kuna golpe, pale ukucha wa kidole cha pete unapogonga mbao za gitaa lenyewe. Mafundi huibandika mbao hiyo ngao nyembamba ya plastiki isiliwe. Mbao imewekewa ngao, ukucha haujawekewa.

Wapo wapiga gitaa waliofanya bila kucha. Francisco Tárrega, bingwa wa gitaa la klasiki wa Hispania, alizikata katika miaka yake ya mwisho akapiga kwa nyama ya vidole. Lakini hakuwa anashindana na visigino vya mtu. Na mpiga udi wa Zanzibar, risha yake ikivunjika, huchukua nyingine na wimbo ukaendelea. Risha yangu mimi imeota mwilini. Ukucha wa kidole cha mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na kujiotesha upya kuanzia shinani hadi nchani huchukua kama miezi 6. Ukipasuka vibaya leo, muhula mzima umeumia.

Ndiyo maana hofu yetu ina wauzaji wake. Kwenye begi la kila mwanafunzi mwenzangu kuna kichupa. Kuna rangi ya kuimarisha, kuna vidonge, kuna unga wa jelatini wa kukoroga kwenye maji ya machungwa. Nami nilinunua. Miezi minne nilikula chakula kibaya ili niweze kununua vichupa vizuri. Kisha nikasoma kidogo, na kusoma huko kulinigharimu jioni moja tu.

Ukucha unaouona ni kitu kilichokufa. Umeundwa kwa tabaka za seli zilizojaa protini iitwayo keratini, na sehemu pekee iliyo hai inayoutengeneza imejificha chini ya ngozi, kwenye shina. Huwezi kuulisha kwa kuupaka kitu, kama usivyoweza kuulisha mlango wa mninga kwa kuupaka vanishi. Baadhi ya dawa za kuimarisha zina fomaldehaidi: mwanzoni ukucha hukakamaa ukafurahi, halafu ukizidi kupaka unakuwa mkavu na kukatika kama kigae. Madoa meupe, ambayo kwetu tunaambiwa ni upungufu wa kalsiamu, kwa kawaida ni alama za kujigonga. Vidonge vya biotini vina ushahidi mdogo, tena vina hatari isiyosemwa dukani: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba biotini nyingi mwilini inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya kugundua shambulio la moyo. Na kama kucha zako zimelainika zikabonyea katikati kama kijiko, usiende kwenye duka la vipodozi. Nenda kapime damu, kwa sababu hiyo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma.

Adui mkubwa wa ukucha wa mtu mwenye afya ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ukucha hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukanywea. Rudia hivyo mara thelathini kwa siku, tabaka zitaachana kama plaiwudi iliyosahaulika mvuani. Sabuni nayo huondoa mafuta yaliyokuwa yakizishikilia. Kwa hiyo matunzo ya kweli ni ya bei ndogo: usilowe ovyo, paka mafuta ya mgando au ya nazi ukishakausha mikono, tumia tupa laini, ya kioo ikipatikana, kisha msasa mwembamba sana, ili pasibaki pembe ya kunasa kwenye uzi, usitumie kucha zako kama bisibisi. Basi.

Kwa hiyo mwalimu alikuwa sahihi. Maji ndiyo adui. Ugomvi wangu naye unaanzia hapo hapo, kwa sababu vyombo havijioshi. "Mpiga gitaa haoshi vyombo" ina nusu ya pili isiyotamkwa. Kuna mtu anayeviosha, naye si mpiga gitaa. Ni mke. Ni mama. Ni dada wa kazi. Au ni kijana wa kigeni nyuma ya jiko, saa saba ya usiku.

Darasani kwetu tuko watano, na mmoja wetu ni mwanamke. Wiki chache baada yangu, mwalimu aliushika mkono wake kwenye dirisha lile lile, akauliza swali lile lile, akapata jibu lile lile. Nikasubiri amwambie aache. Akamwambia, "Vaa glavu."

Tafadhali soma tena. Mimi niache. Yeye avae glavu.

Dawa ilikuwepo muda wote. Ilijulikana, inauzwa kila duka, bei yake haifiki ya kahawa mbili. Kumbe mtu ambaye kuosha kwake vyombo kunachukuliwa kuwa sheria ya dunia hutafutiwa namna ya kuosha bila kuumia. Sisi wengine tulitafutiwa namna ya kutoosha kabisa. Ushauri huu unajiita wa kucha, lakini kazi yake ni kugawa watu.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa upande wa wanaoonewa. Haiwezekani, kwa sababu Agosti iliyopita nilirudi likizo nyumbani Tanga.

Nilifika na kucha zangu. Jirani aliuliza kama huko Ulaya nimesomea uganga. Mama alicheka, kisha nikamweleza: miezi 6, tabaka, maji. Mama ni mtu wa kuheshimu elimu. Akatangaza uani, "Huyu asishike maji." Kuanzia siku hiyo mdogo wangu wa kike aliosha sahani zangu, akafua jinzi zangu kwa mkono, akasugua masufuria yaliyoungua kwa mkaa kwa stilwaya na majivu. Mimi nilikaa barazani nafanya mazoezi. Wapita njia walisimama kusikiliza. Niliuita upendo wa familia, na upendo ulikuwepo kweli. Ndiyo maana sikuona kitu.

Jioni moja aliniletea chai. Alipokuwa anaweka kikombe, niliona kucha zake. Ncha zilikuwa zimeachana tabaka kwa tabaka, nyeupe, zimechanika pembeni. Kilikuwa kile kitu hasa nilichotumia mwaka mzima na pesa zangu zote kukikimbia. Nami, mtaalamu, nikasema, "Mdogo wangu, kucha zako zinahitaji mafuta."

"Zinahitaji likizo, kaka," akasema. Akasubiri nimalize chai, akachukua kikombe, akaenda kukiosha.

Nimeyasikia majibu. La kwanza ni kwamba sanaa inataka kujitoa. Nakubali, lakini neno ni *kujitoa*. Ukimtoa mwenzako ili wewe ubaki mzima, hapo hujajitoa hata kidogo.

La pili lina akili zaidi: kila fundi hulinda chombo chake. Daktari wa upasuaji hajifanyii useremala, na mchezaji mpira habebi magunia. Kweli. Lakini hospitali inayomtaka daktari awe na mikono salama humwajiri mtu wa usafi, ikampa mshahara na jina kwenye orodha ya malipo. Kama kucha zako zinahitaji mikono ya mtu mwingine, mlipe, au muoshe kwa zamu, au angalau useme. Kinachonichukiza ni kutajwa kwa jelatini, tupa na mafuta kama siri za mafanikio, huku siri yenyewe iko jikoni inamwaga maji machafu.

La tatu ni lile la kwetu: mwanamume hashiki masufuria. Hilo sitalijibu kwa hoja. Kila usiku nashika masufuria makubwa kuliko ya harusi, na hakuna kilichonipungukia isipokuwa usingizi.

Nawe msomaji ambaye hujawahi kushika gitaa, usijione uko salama. Weka tasnifu mahali pa gitaa. Weka mtihani. Weka "ana mambo mengi huyu, mwacheni." Wengi wetu tuliosoma tumewahi kuwa yule anayeambiwa asishike maji, na wengi wetu hatukugeuka kuangalia nani kayashika.

Mpiga gitaa mkubwa kuliko wote wa flamenko, kwa masikio yangu, alizaliwa Algeciras mwaka 1947 kwa jina la Francisco Sánchez Gómez. Mtaani kulikuwa na akina Paco wengi, kwa hiyo kila mmoja aliitwa kwa jina la mama yake. Yeye alikuwa Paco wa Lucía, na alipopanda jukwaani hakulivua jina hilo. Mama yule, Mreno, yuko kwenye kila sahani ya santuri ya Paco de Lucía. Simfanyi mwanawe mtakatifu kwa hilo. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuwa bingwa na bado akabaki na jina linalowakumbusha wasikilizaji nyumba aliyotoka.

Mimi sasa naosha. Kabla ya zamu napaka mafuta, navaa glavu nyepesi za pamba, juu yake za mpira, na kila baada ya muda nabadilisha zile za ndani zikilowa jasho. Msimu huu wa baridi, ambao hupasua hata midomo, kucha mbili zimepasuka. Mmoja niliushika kwa gundi ya supaglu na kitambaa cha hariri. Mwingine niliuundia kipande cha mpira wa tenisi ya meza, kama wafanyavyo wapiga gitaa wengi wenye haraka, nikapiga nacho wiki tatu. Sauti ilikuwa kavu kidogo. Hakuna aliyekufa.

Mwalimu alikiona kile kipande, akakigonga kwa ukucha wake, akauliza bado naosha? Nikamwambia naosha, na nitaendelea kuosha. Nikategemea hotuba. Akanyamaza, akaangalia mlango wa jikoni kwake, ambako maji yalikuwa yakitiririka tangu nilipoingia, kisha akasema tuanze somo. Maji hayakuacha kutiririka.

Agosti narudi Tanga. Rafiki yangu mmoja alinishauri nimpelekee mdogo wangu glavu nzuri za huku, ziwe zawadi. Nilizishika dukani nikazirudisha, kwa sababu zingekuwa amri nyingine ya kuendelea kuosha, safari hii imefungwa kwa karatasi ya rangi. Nimenunua jozi moja tu, ya namba yangu.