Saratani ya ini: Kipimo cha damu pekee hakitoshi

Huenda umeona matangazo yanayoahidi kugundua saratani mapema kwa kutumia damu kidogo tu, na saratani ya ini mara nyingi imo kwenye orodha. Kabla hujatoa fedha yako, fahamu kipimo hicho kinaweza kukueleza nini na hakiwezi nini.

Umuhimu wa kuwahi hauna ubishi. Uvimbe kwenye ini hukua kimyakimya. Maumivu chini ya mbavu za kulia, kupungua uzito, tumbo kujaa maji na macho kuwa ya manjano mara nyingi hujitokeza wakati upasuaji hauwezekani tena. Mwaka 2022, watu wapatao 866,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na takriban 758,000 walifariki kwa ugonjwa huo.

Kipimo kinaangalia nini?

Kipimo kinachotumika zaidi hupima AFP, protini ambayo ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi na ambayo hupungua sana baada ya kuzaliwa. Seli za saratani ya ini zinaweza kuanza kuitengeneza tena.

Lakini si kila uvimbe hufanya hivyo, hasa ukiwa bado mdogo. Aidha, AFP hupanda kwa mjamzito na kwa mtu ambaye homa yake ya ini imepamba moto. Kwa hiyo majibu ya kawaida hayakuhakikishii usalama, na majibu ya juu hayamaanishi moja kwa moja kwamba una saratani.

Uchambuzi wa tafiti 32 za wagonjwa wenye makovu ya ini, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa altrasaundi pekee iligundua asilimia 45 ya saratani zilizo katika hatua za awali. Ilipoambatana na AFP, kiwango kilifika asilimia 63. Bado zaidi ya theluthi moja zilipita bila kuonekana.

Ili kuziba pengo hilo, wataalamu wametengeneza kanuni iitwayo GALAD, inayojumuisha jinsia, umri na viashiria vitatu vya damu: AFP, aina yake maalumu iitwayo AFP-L3, na protini ya DCP. Inatia matumaini, ila DCP nayo hupanda kwa anayetumia dawa ya warfarin. Mweleze daktari dawa zote unazotumia.

Anza na homa ya ini B

Vipimo hivi vina faida zaidi kwa walio hatarini: wenye makovu ya ini na baadhi ya wanaoishi na homa ya ini B, hasa kama kuna ndugu aliyewahi kuugua saratani hiyo. Hao hufuatiliwa kila baada ya miezi sita.

Hapa ndipo penye tatizo kubwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B, lakini ni asilimia 13 tu waliokuwa wamegundulika. Asiyejua kwamba ana virusi hawezi kufuatiliwa, hata maabara iwe na mashine ya kisasa kiasi gani. Kwa hiyo kama fedha yako inatosha kipimo kimoja, anza na cha homa ya ini B. Ukikutwa nayo, zipo dawa kama tenofovir zinazodhibiti virusi na kupunguza hatari ya saratani.

Kwa wazazi

Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini mwake kwa muda mrefu ni takriban asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Ndiyo maana WHO inashauri chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ukiwa mjamzito, omba kupimwa kliniki, na uulize kama chanjo hiyo inapatikana utakapojifungulia. Usikose pia zile za wiki ya 6, 10 na 14.

Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana.

Nyumbani, tupa mahindi na karanga zilizoota ukungu. Sumukuvu iliyomo haiishi kwa kupika, na ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.