Beringi ya gurudumu la nyuma isisubiri kufia mlimani

KATIKA Bonde la Ziwa Rukwa, pikipiki si chombo cha starehe tena. Mkulima wa Milepa, wilayani Sumbawanga, huitegemea kufikisha mpunga kwenye mashine ya kukoboa, kupeleka ufuta ghalani, na usiku wa dharura kumwahisha mgonjwa kwenye huduma ya afya. Mfanyabiashara mdogo naye huitumia kubeba samaki wa ziwani na kushusha bidhaa za duka kutoka Sumbawanga mjini. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipotambua pikipiki kama chombo cha kubeba abiria kwa leseni, vijana wengi wameifanya kuwa ajira yao.

Hivyo basi, pikipiki inapoharibika, kinachosimama si safari peke yake bali ni kipato cha kaya nzima. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi kinachoisimamisha ni kipuri kidogo na cha bei nafuu ambacho wengi hawakikumbuki mpaka kimekufa: beringi ya gurudumu la nyuma.

Beringi hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Gunia likifungwa nyuma ya kiti, uzito wake karibu wote huangukia gurudumu la nyuma, ambalo wakati huo huo linavutwa na cheni na kuzuiwa na breki. Masika yakifika, barabara za bondeni huwa tope na vijito, na maji yenye mchanga hupenya kwenye sili na kuiosha grisi. Kuanzia hapo gololi husagana zenyewe kwa zenyewe.

Aidha, jiografia ya eneo hilo haina msamaha. Ziwa Rukwa liko takriban meta 800 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Sumbawanga, ulio juu kwenye uwanda wa Ufipa, uko takriban meta 1,800. Anayetoka mjini kwa njia ya Ntendo na Muze hulazimika kushuka ukingo wa milima akiwa na mzigo mgongoni mwa pikipiki. Gurudumu linalocheza hapo ni hatari kubwa. Ngoma ya breki huyumba na breki hupungua nguvu, cheni hukaa upande na inaweza kuruka, na pikipiki hupepesuka kwenye kona.

Wapo wanaoamini kuwa kazi ya beringi ni ya fundi wa mjini tu. Imani hiyo haina msingi. Wazee wengi wa vijijini waliokuwa na baiskeli za Phoenix walikuwa wakifungua habu wenyewe chini ya mwembe, wakaosha gololi kwa mafuta ya taa, wakapaka grisi mpya na kufunga. Ujuzi huo haukupaswa kupotea kwa sababu tu baiskeli imepata injini.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji hata senti moja. Pikipiki isimamishwe kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lishikwe juu na chini na kusukumwa kushoto na kulia. Likicheza, beringi imeanza kuisha, isipokuwa kama kinachocheza ni bushi za mkono unaobeba gurudumu. Kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono. Sauti ya kukwaruza, au habu kuwa ya moto baada ya safari fupi ambayo breki haikutumika sana, ni dalili za kutosha. Mwenye pikipiki anayefanya hivyo kila mwezi, na kila baada ya kuvuka maji mengi, hatashtukizwa porini.

Kubadilisha nako kunawezekana nyumbani kwa spana za nati ya ekseli, koleo, nyundo, kipande cha nondo na grisi. Kwanza hukumbukwa alama za marekebisho ya cheni pande zote mbili. Kisha hufunguliwa ufito wa breki na nati, ekseli huchomolewa, na kila bushi hupangwa juu ya gunia safi kwa utaratibu ule ule iliyotoka. Kwa kawaida beringi mbili huwa ndani ya habu, na aina nyingi za pikipiki huwa na ya tatu upande wa sproketi. Beringi za habu hutolewa kwa kuzigonga kutoka upande wa pili, kidogo kidogo na kwa kuzunguka, ili zisitoke kombo na kuipanua habu.

Wakati wa kuingiza mpya ndipo wengi hukosea. Beringi hugongwa kwenye ringi yake ya nje tu, kwa kutumia soketi au beringi ya zamani iliyo na kipenyo kile kile. Ikigongwa ringi ya ndani, gololi huumia siku hiyo hiyo na beringi mpya huanza maisha yake ikiwa mgonjwa. Kosa la pili ni kusahau bushi ndefu inayokaa katikati ya beringi mbili za habu. Bila bushi hiyo, nati inapokazwa ekseli huzibana beringi kwa ubavu, nazo hufa mapema. Baada ya kufunga, cheni ipimwe, breki ijaribiwe, pini ya nati iwe mpya, na safari ya kwanza iwe fupi na bila mzigo.

Si vyema kuziba tatizo kwa oili chafu ya injini. Oili hiyo ni nyepesi, huvuja, na ikifika kwenye viatu vya breki huondoa breki kabisa. Vile vile, beringi mpya ikiingia kwenye habu kwa kusukumwa na kidole, habu imekwisha. Kuitoboa toboa kwa tindo ili ibane ni kuahirisha ajali. Hapo fundi mwenye vifaa, au habu mpya, ndilo jibu.

Kuhusu ununuzi, mteja asiende dukani na jina la pikipiki tu, bali na namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi ya zamani. Namba hizo hufuata vipimo vya kimataifa: beringi ya 6202, iwe imetoka Sweden, Japani au China, ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje cha milimita 35 na unene wa milimita 11. Ile ya 6302 ina tundu hilo hilo la milimita 15 lakini kipenyo cha nje cha milimita 42, kwa hiyo haiingii mahali pa mwenzake. Herufi 2RS humaanisha ina kizuizi cha mpira pande zote mbili, na ndiyo inayofaa zaidi kwa tope la bondeni kuliko ile ya ZZ yenye vifuniko vya bati.

Wafanyabiashara wa vipuri nao wana wajibu. Kumuuzia mkulima beringi bandia kwenye boksi lenye jina kubwa ni kumwibia mara mbili, kwani atalipa tena baada ya wiki chache, au atalipa kwa mguu uliovunjika. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango hazina budi kufika hadi kwenye maduka ya minada na magulio ya vijijini, badala ya kuishia mijini. Mamlaka ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina uzoefu wa mafunzo ya muda mfupi, na mafunzo ya siku chache ya matengenezo ya pikipiki katika kata za bondeni yangekuwa na faida inayoonekana.

Hata hivyo, wakulima wasikae kusubiri. Vyama vya msingi, vikundi vya VICOBA na vijiwe vya bodaboda vinaweza kuchangia seti moja ya vifaa na kopo la grisi, vikatunzwa na mtu mmoja mwaminifu na kutumiwa na wote. Gharama hiyo ikigawanywa kwa wanachama ni ndogo kuliko mzigo mmoja wa samaki uliooza njiani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye pikipiki wa Milepa, ufa huo ni gurudumu linalocheza kidogo asubuhi ya leo. Alishike na kulitikisa kabla hajafunga gunia.