Gari la fahari kuukuu na akiba ya mstaafu

Chini ya mwembe mmoja, si mbali na barabara ya Pasiansi, limeegeshwa gari jeusi la fahari aina ya Mercedes-Benz ambalo halijawashwa tangu mvua za masika. Mbele limeinama kama ng'ombe anywaye maji, kwa kuwa mifuko ya hewa inayolibeba imepasuka. Mwenye nalo ni mtumishi mstaafu, aliyelinunua kwa fedha alizolipwa alipokabidhi ofisi. Hatumtaji jina, wala hatumcheki. Twalitaja gari lake kwa sababu magari ya namna hiyo yamekuwa mengi katika Ilemela, na sasa twayaona yakivuka kwa kivuko kutoka Kisorya kwenda Rugezi, hadi Ukerewe, yakiwa yamemeza akiba za watu ambao hawakuambiwa ukweli wote.

Hatuna ugomvi na mtu apendaye kitu kizuri. Aliyefanya kazi kwa miaka thelathini na mitano ana haki ya kukalia kiti cha ngozi, na mvuvi aliyejaliwa dagaa wa kutosha hakosi haki hiyo hiyo. Zamani neno "wabenzi" lilitamkwa kwa uchungu na watu waliotembea kwa miguu. Leo neno hilo limepoteza makali, maana Benzi iliyotimiza miaka 20 yaweza kununuliwa hata na mwalimu aliyekopa.

Hapo ndipo penye mtego. Bei ya kulinunua gari la fahari hushuka kila mwaka, lakini gharama ya kulitunza haishuki pamoja nayo. Gari lililouzwa jipya kwa thamani ya nyumba nzuri huuzwa baada ya miaka 20 kwa bei ya gari dogo la kawaida; lakini kipuri chake bado ni kipuri cha gari la thamani ya nyumba. Mnunuzi huona bei ya kwanza ikiwa imeandikwa kiooni. Ile ya pili haiandikwi popote.

Tutoe mifano. Mifuko ya hewa tuliyoitaja ni ya mpira, na mpira huchoka kwa umri hata kama gari limelala tu. Mfuko ukianza kuvuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua, na mwenye gari aliyeahirisha kununua mfuko mmoja hujikuta akidaiwa mfuko pamoja na kompresa. Baadhi ya Mercedes-Benz za daraja la E zilizoanza kutoka mwaka 2002 zilifungwa breki za umeme ambazo mtambo wake huhesabu kila mara dereva anapokanyaga. Hesabu ikifika kikomo kilichowekwa kiwandani, taa huwaka na mtambo mzima hutakiwa kubadilishwa, hata kama bado unashika vizuri. Magari ya miaka hiyo hiyo yalikuwa pia na rejeta ambazo zikipasuka kwa ndani huruhusu maji kuingia katika oili ya giaboksi. Dereva huanza kusikia gari likitetemeka kidogo tu, akadhani ni barabara. Wiki chache baadaye giaboksi imekwisha.

Wala Toyota haziko salama kwa jina lake tu. Toyota Brevis, iliyouzwa Japani kati ya mwaka 2001 na 2007 na ambayo wengi wetu tunaiona ikipita Kirumba, ina injini inayorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Pampu hiyo haivumilii uchafu. Wenzetu wa visiwani wanajua petroli yao huwafikia vipi: kwa mapipa na madumu, juu ya mitumbwi, chini ya jua na mvua. Maji huingia, mchanga huingia, na wakati mwingine dumu lenyewe lilikuwa na mafuta yaliyochanganywa na oili kwa ajili ya injini za mitumbwi. Injini ya mtumbwi hupokea mchanganyiko huo kwa furaha, kwa kuwa ndio uliokusudiwa. Injini ya gari hilo itaziba.

Ndiyo maana twawaomba wakazi wa Ukara, Ukerewe, Bezi na kwingineko wapime jambo hili kwa kipimo chao wenyewe. Mvuvi akiharibikiwa na injini mwaloni, huifungua pale pale, akasafisha kabureta na plagi, jioni akarudi ziwani. Gari la fahari la kisasa halifunguliwi kwa spana na ujasiri. Lina kompyuta nyingi zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, na fundi asiye na mashine ya kuzisoma hubaki kubahatisha: leo abadili sensa, kesho pampu, keshokutwa aseme tatizo ni nyaya. Kila bahati nasibu hulipiwa na mwenye gari. Kwa mtu wa kisiwani ongeza nauli ya fundi, kivuko, na siku za kusubiri kifurushi kutoka Dar es Salaam.

Sasa tuwageukie viongozi wetu serikalini, na tunasema kwa heshima. Mtumishi aliyepewa gari la ofisi kwa miaka mingi hajui gharama ya kutengeneza gari. Likiharibika hupelekwa TEMESA, wakala ule ule ambao watu wa visiwani wanaujua kwa vivuko vyake, na ankara hulipwa na ofisi. Yeye huliona tena likiwa limepona. Akistaafu hununua gari linalofanana na cheo alichokuwa nacho, na kwa mara ya kwanza maishani ankara inaletwa mezani kwake. Semina za kuwaandaa wastaafu hufundisha ufugaji wa kuku na kilimo cha mboga. Saa moja ya kueleza gharama ya gari kuukuu isingekuwa hasara.

Serikali nayo hupata sehemu yake. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka kadhaa sasa, gari dogo lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 10, lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 na umri wa miaka 10 au zaidi, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na juu ya yote hayo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Jumla yake yapita milioni 10 na nusu, bila tozo ndogo ndogo. Uchakavu peke yake ni shilingi milioni 3 na laki 7 na nusu. Tena tangu ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa katika bajeti ya 2017/18 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta, mwenye injini kubwa hulipa zaidi kila asimamapo kituoni.

Hatupingi ushuru wa uchakavu. Nia ya kuzuia nchi isiwe jalala la magari ni njema. Lakini dola inayotambua kwamba gari limechakaa, na kutoza kwa sababu hiyo, ingeweza pia kumweleza mnunuzi ni nini kilichochakaa. Gari lisomwe kwa mashine kabla ya kusajiliwa, na taarifa yake, kwa Kiswahili, ikabidhiwe pamoja na kadi, ili hata mnunuzi wa tatu huko Nansio aione. Na sehemu ya fedha hiyo iende VETA, kijana wa Mwanza afundishwe kuisoma kompyuta ya gari kama mwenzake wa jana alivyofundishwa kuchomelea.

Kwa aliyekwisha kuamua kununua, tunamsihi aulize kwanza bei ya mfuko wa hewa, ya rejeta na ya giaboksi, aziandike, kisha azijumlishe na bei ya gari kabla hajatia saini. Mzee wa Pasiansi amekwisha kuambiwa bei ya kompresa. Mwezi uliopita aliuza mashine yake ya kusaga.